Mstari Mmoja wa Teleas

Filaina alimlisha nguruwe wake matunda ya mwaloni tangu kiangazi, na leo mnofu wa mgongo, fungu la heshima, alimwandalia mwimbaji kwa mkono wake. Habari ilikuwa imefika mjini kwao, Karisto, kwamba katika utenzi wa vita anaouimba mzee Mnasio, Teleas, mwana pekee wa Filaina, ametajwa kwa jina.

"Leo shingo ndefu kama korongo!" jirani yake Gorgo alimtania.

"Acha iwe ndefu. Wako nani kaimbwa?"

Miaka kumi na miwili Filaina alikuwa akisaga shayiri ya watu, akiwaambia wasagaji wenzake kwamba mwanawe alianguka uso kwa uso na adui. Hakuna aliyemletea habari hiyo. Aliisema mpaka akaiamini.

Uani, mbele ya majirani, Mnasio alikula, akafuta vidole, akashika kinubi. Katika wimbo, mashujaa wakubwa walipita na ngao zao. Kisha Teleas wa Karisto: mkuki ukamwingia mgongoni, kati ya mabega, giza likamfunika macho. Basi. Utenzi ukaendelea na mtu mwingine.

Mgongoni hupigwa anayekimbia. Gorgo aliinamia bakuli lake.

Watu walipokwenda kuwamwagia miungu divai, Filaina alimfuata mwimbaji chini ya mzabibu.

"Baba, mkuki uweke kifuani. Neno moja tu."

"Sikuutunga mimi, mama. Niliupokea kwa mwalimu wangu kwa kiapo."

"Nguruwe wangu umemla."

"Nimemla, na alikuwa mtamu. Kwa hiyo nitafanya ninaloweza: nitamruka. Kuanzia kesho, popote niimbapo, Teleas hayumo."

Hayumo. Mifupa yake ilibaki ng'ambo ya bahari. Hapa hakuna hata tuta la kaburi la kumwagia sadaka ya maziwa. Filaina alimkumbuka mtoto aliyeogopa radi, jinsi alivyotimua mbio kutoka malishoni, bila kutazama nyuma, mpaka akajitupa mapajani mwake, kwenye unga.

"Mwimbe," alisema.

"Na mgongo wake?"

"Na mgongo wake. Siku ya mkuki nilikuwa mbali mno, hakunifikia."

Kesho yake, kwenye mawe ya kusagia, Gorgo alimsogezea kapu la shayiri safi, iliyokwisha kupepetwa, wala hakumtania. Filaina alilipokea. Angalipendelea utani mara mia kuliko huruma ile.