Kichwa Kilichomshinda Mama Lusungu

"Kichwa kikinishinda mie, mpelekeni hospitali mwenye kichwa," anatamba Genoveva, na baraza zima linacheka.

Ni saa mbili asubuhi Manzese, kwenye baraza la duka la nywele bandia, hatua chache kutoka barabara ya mabasi ya mwendokasi. Genoveva, mwenye miaka arobaini na minne, amebana kichwa cha mteja katikati ya magoti, rasta zimemning'inia begani kama sharubu za kambale. Anasuka, anatafuna muhogo, anaibeza timu ya mteja. Vyote kwa pamoja. Mteja akilalamika kuumia, anajibiwa hapo hapo: "Uzuri ungekuwa hauumi, dada, hata mie ningekuwa nao."

Kazi hii ameifanya hapa miaka kumi na tisa. Kichwa cha rasta humwingizia shilingi elfu ishirini, siku ambayo kichwa kimepatikana. Jina lake la ubatizo halina kazi mtaani.

"Ukija kumuulizia Genoveva utarudi kwenu," anasema Hamdiya, msusi mwenzake wa benchi la jirani. "Sema Mama Lusungu, utaletwa mpaka hapa."

Lusungu alikuwa mtoto wake wa kwanza. Alizaliwa na ugonjwa wa damu wa selimundu, akakulia kwenye benchi hili, kati ya kulazwa na kulazwa. Kila mtindo mpya ulijaribiwa kwanza kichwani kwake. Alifariki mwaka juzi, akiwa kidato cha tatu.

Baada ya msiba, wateja wengine, kwa huruma, wakaanza kumwita Mama Brightson, kwa jina la mtoto wake mdogo.

"Nikawa siitiki, wakadhani nimekuwa kiziwi," anasema. "Brightson ni wangu, sawa. Lakini umama nilianza na nani?"

Saa nne anafika msichana aliyejifunga kanga kichwani, macho mekundu. "Shikamoo mama." Ni Sesilia, aliyekuwa akikaa dawati moja na Lusungu. Baba yake amefariki Njombe na kesho alfajiri anasafiri kwenda kuzika. Anataka asukwe twende kilioni, ile mistari inayorudi nyuma bila mbwembwe, ambayo wanawake husuka haraka haraka wanapokwenda msibani.

"Nisuke wewe, mama. Kama zamani."

Ni mtindo ambao hata anayejifunza kusuka huanzia hapo. Genoveva anatazama vidole vyake.

"Leo vinauma, mwanangu. Hamdiya atakusuka."

"Vinauma tangu lini?" anadakia Hamdiya. "Si umemaliza rasta sasa hivi?"

Safari hii hakuna anayecheka. Hamdiya anamkalisha msichana na kuanza kazi.

Genoveva anageuza uso asiwatazame, na sauti yake inashuka. "Siku ya kumwandaa mwanangu kwa mazishi, mochwari waliniambia mzazi hakai humo ndani. Nikawaambia, siingii kama mzazi. Naingia kama msusi wake."

Alimsuka huo huo mtindo.

"Nilisuka mpaka mstari wa mwisho. Nilikuwa kazini. Nilipoweka kitana chini, ndipo nikawa mama. Hapo wakanibeba."

Tangu siku hiyo, anayetaka twende kilioni hupewa sababu: mara vidole, mara mgongo, mara kitana hakionekani.

Sasa ana ndoto ya chumba chenye mlango, saluni yake mwenyewe, na juu ya mlango jina la Lusungu. "Humo nitasuka yote, hata huo. Ila hapa barazani, bado. Mie siuangalii hata ukisukwa na mtu mwingine. Nimeshausahau."

"Mama Lusungu," Sesilia anaita polepole. Ameshika kioo cha Hamdiya, na ndani ya kioo anamwona mama aliye nyuma yake. "Hivyo vidole vinavyouma, vinafanya nini?"

Genoveva anatazama mapajani. Mabaki ya rasta aliyokuwa akiyachezea yameshakuwa msuko mmoja mwembamba, umekazwa mpaka mwisho.

Anauweka msuko kando. Kisha anafuta macho kwa upande wa kiganja, anasogea na kuacha nafasi kwenye benchi.

"Hamdiya, huko nyuma umelegeza," anasema. "Njoo, mwanangu. Ngoja nikusuke mstari mmoja tu."