Jina la Lazaro Gazetini

Teresia hakulia. Wanawake wa kambi ya mkonge ya Rudewa walimngoja alie, wakachoka, wakaenda kuinjika vyungu vyao. Mumewe alikwisha kuzikwa, naye amekaa mkekani, nywele timutimu, anatazama ukuta.

Tanga lilikuwa halijaanuliwa. Pale kambini, mjane hanyolewi wala harudi kitandani mpaka ndugu wa marehemu aje kumtoa. Na marehemu, Lazaro, alikuja enzi za Mwingereza, manamba wa mkataba kutoka Ufipa, wala hakuna ndugu aliyewahi kubisha hodi.

"Tutangaze gazetini," alisema mzee Filipo, aliyeshuka treni moja na marehemu. "Sasa tumejitawala, gazeti linafika hadi huko. Hakosi mmoja wa kulisoma."

Kambi nzima ilikuwa na gazeti moja, aliloleta Beda, dereva wa trekta, kutoka stesheni ya Kilosa, limekwisha chakaa njiani. Lazaro, alipokuwa hai, ndiye aliyekuwa akilisoma kwa sauti, wenzake wakibishana na mawaziri kana kwamba wamekaa nao benchi moja. Likishasomwa lilichanwa, kila mtu kipande chake cha kusokotea tumbaku. Habari wameshazisikia, karatasi ya nini tena?

Beda alipeleka tangazo Kilosa. Gazeti lilipokuja nalo, msomaji ndiye huyo aliye kaburini. Filipo na wanaume wenzake wakaenda mlangoni kwa Teresia, aliyefika darasa la nne misheni.

"Shikamoo, shemeji," alisema Teresia.

"Marahaba," alijibu Filipo. "Utusomee."

"Mimi niko matangani."

"Ni la tanga lako hilo hilo. Au tumpe mwenyekiti wa kambi, alisome kwa ile miwani yake ya kioo kimoja?"

Wakacheka, wakakumbuka wako msibani, wakakohoa.

Teresia alisoma akianzia mbele, kama Lazaro: bei ya pamba, vijiji vya ujamaa, hotuba. Sauti yake haikupanda wala kushuka, kama mtu anayechambua maharage. Kisha akalifikia. "Lazaro Marko wa Rudewa, Kilosa, amefariki. Ndugu zake wa Ufipa wanaombwa kufika..."

Akarudisha kidole kwenye jina.

"Shemeji, Lazaro alibatizwa wapi?"

"Hapa hapa. Tulibatizwa wote."

"Na huyu Marko?"

"Marko alikuwa nyapara wetu. Karani alitaka jina la baba, mwenzangu akataja lililokuwa karibu."

"Kwao aliitwa nani?"

Teresia mwenyewe aliwahi kumwuliza mumewe, akajibiwa kwamba jina la nyumbani limebaki nyumbani.

"Mimi nilimwita Mfipa tu," alisema Filipo.

Basi nchi nzima imetangaziwa kifo cha mtu ambaye kwao hakuna anayemjua kwa jina hilo. Watu wazima wote wale, hakuna aliyelifikiria hilo, hata Teresia. Alingoja uchungu uje. Haukuja. Miguu tu ndiyo iliyokuwa imekufa ganzi. Akaikunjua.

"Hatakuja mtu," alisema. "Shemeji, ulishuka naye treni moja, ndugu ni wewe. Kesho uje na wembe."

"Mimi Mngoni, shemeji!"

"Hata ungekuwa Mzungu. Kichwa kinaniwasha."

Safari hii hakuna aliyecheka. Filipo alichutama kando ya mkeka. "Basi nitakuja. Lakini kwanza umjue unayemwita ndugu." Akamtajia jina lake la nyumbani, polepole, kama mtu anayejaribu kiatu cha zamani.

Beda akasogea, akataja la kwake, lisije likazikwa naye. Kisha mwingine, na mwingine, wanaume aliowajua miaka yote kwa majina waliyoandikishwa na makarani, wakapanga foleni kama ya posho.

"Nimesikia," Teresia alimjibu kila mmoja. "Nimesikia."

Walipokwisha, akalichana gazeti na kugawa. Kipande chenye tangazo kikamwangukia Filipo. Akakishika kwa vidole viwili, tumbaku ikimngoja kiganjani.

"Na hiki, shemeji?"

"Sokota," alisema Teresia, akirudisha macho ukutani. "Limeshasomwa."