Kidonge cha Jioni

Kwa miaka kumi na tisa Agathe aliwagombeza wagonjwa wa zahanati yake ya Kabondo kwa jambo moja tu: saa. Mwili una ratiba yake, aliwaambia, na dawa iliyokosa saa yake ni sawa na kumeza chaki. Wengi walimwona ana kisirani. Kumbe mwalimu wake alikuwa kifua cha mumewe.

Célestin, karani wa serikali, alikuwa na pumu. Mchana alicheka na kubishana kama watu wengine. Ikifika saa kumi alfajiri, kifua kinabana. Agathe aliandika saa hizo kwa mkaa nyuma ya mlango miezi mitatu mfululizo, na hazikubadilika. Basi kidonge cha mumewe, kile kinachoyeyuka polepole, akakihamisha kutoka asubuhi hadi chakula cha jioni, ili nguvu yake ifike alfajiri. Miaka miwili Célestin alilala usingizi wa mtoto. Dawa ilikuwa adimu, kwa hiyo kilikuwa kimoja tu kwa siku.

Kisha ofisi ikapata mkuu mpya, mpenda animation. Kila asubuhi kabla ya kazi makarani walicheza uani wakiimba sifa za chama, na aliyeishiwa pumzi aliandikwa kuwa haipendi nchi. Célestin, mtu wa miaka hamsini na tatu, alikwisha kuandikwa mara mbili. Ya tatu ni kufukuzwa.

"Mama Micheline, nipe dawa asubui," alimwomba mkewe, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Kesho wakubwa wa chama wanakuya."

"Kifua yako haijue wakubwa, Papa Micheline. Inajua saa kumi tu. Meza!"

Célestin alipeleka mkono mdomoni, akanywa maji. Agathe akaridhika, akaondoa sahani za mboga ya pondu.

Alfajiri kifua kilibana tena, Agathe akamshika mgongo akimwita, asielewe dawa imekwenda wapi. Kabla jua halijatoka, Célestin alikuwa amekata roho.

Agathe alipochukua abacost, suti yake ya kazini iliyokwisha kupigwa pasi ili amvishe marehemu, alikikuta kidonge mfukoni, chini ya beji ya chama, kimefungwa kwa karatasi ya sigara. Célestin alikuwa amekificha akimeze asubuhi, apate pumzi ya kucheza mbele ya wakubwa. Agathe alimtukana maiti kwa hasira, kisha akamlilia na kumwomba msamaha.

Saa tatu akafika Jafari, tarishi wa ofisi, na barua mkononi.

"Mama, chef wa ofisi anauliza juu ya nini citoyen Célestin hakukuya kwa animation."

Agathe akamwekea kidonge kiganjani.

"Mupelekee. Mwambie, ni ile pumzi Célestin alimuwekea yeye."