Waliuliza binti yangu yuko na nani nyumbani, nikajua ni wezi

Wakuu, kama wapo humu wakubwa zangu shikamooni, na ninyi wengine wote marahaba.

Mimi ni bibi, nipo kijijini upande wa Tinde. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo nukta zikikaa vibaya mnivumilie. Ninayoandika yametokea ndani ya mji wangu, yaani hapa nyumbani kwangu, siongezi wala sipunguzi. Mwenye jambo lake nimemsomea kabla ya kuweka humu, akasema weka tu mama, hata jina weka.

Kabula ni kitindamimba wangu. Aliolewa Katoro na mchimbaji, anaitwa Masele. Yeye alikuwa anawapikia wachimbaji.

Masele alifukiwa na kifusi ndani ya duara, yaani shimo lao la dhahabu. Walikuwa wanne: Masele, Makoye, Deus wa Ushirombo na yule mpole Jumanne. Alitolewa hai Jumanne peke yake.

Msiba haujaisha, upande wa mume wakaanza maneno. Eti Kabula kamtoa mumewe kafara apate dhahabu. Dhahabu gani? Mtoto karudi kwangu na sufuria mbili na begi.

(Aliyeanzisha maneno hayo namjua mpaka jina la babu yake. Tuache.)

Alipofika hakuwa Kabula ninayemjua. Anakaa kitandani mpaka jua linazama. Chakula anakiangalia tu. Ukimwita anaitika kama yuko mbali, na yuko hapo hapo. Mchungaji Elias akaja kuomba. Mimi moyoni nasema wale wa upande wa mume wamemtupia kitu.

Siku moja tumeenda zahanati kwa ajili ya kifua changu. Nesi mmoja, Sista Pendo, akamwangalia Kabula, akamvuta pembeni wakaongea. Akamwandikia namba ya simu kwenye karatasi. Nikauliza ya nini.

"Ya kuongea na watu, mama. Akizidiwa na mawazo anapiga, ni bure."

Bure! Wakuu, mmeshawahi kukiona kitu cha bure kwenye simu?

Ngoja niwaeleze kwa nini niko hivi. Jirani yetu Mzee Luhende alipigiwa na mtu akajiita bwana mifugo. Sauti ya adabu, shikamoo nyingi. Akamuuliza zizi liko upande gani, nyumbani analala na nani. Mzee akajibu yote. Siku ya tatu zizi jeupe. Tangu hapo huku kwetu mtu akikuuliza kwenye simu uko na nani nyumbani, unakata. Hata watoto wanajua.

Sasa, alasiri moja natoka kisimani, nasikia Kabula anaongea nyuma ya jiko. Simu yake imekufa ile sauti ya sikioni, lazima uweke spika ya nje, kwa hiyo nilisikia kila kitu.

Sauti ya mwanamke: "Dada Kabula, hapo nyumbani uko na nani sasa hivi?"

"Niko peke yangu. Mama kaenda maji."

"Anarudi saa ngapi?"

Ndoo nikaitua.

"Na dawa za pamba, hapo nyumbani zipo? Zinakaa wapi?"

Kabula akafungua mdomo ajibu. Mimi sikungoja, nikamnyang'anya simu.

"Wewe nani?"

"Shikamoo mama. Naitwa Anita."

"Anita ng'wa nani?" Kwetu ndivyo tunavyouliza, Anita wa nani, baba yako nani, ili nijue naongea na mtu wa wapi.

"Mama, hapa tunatumia jina moja tu."

"Jina moja ana ng'ombe! Mtu ana baba yake. Uko wapi?"

"Tulipo siruhusiwi kusema, mama, ila naomba uniache niongee na..."

"Basi na sisi tulipo haturuhusiwi."

Nikakata. Nikatoa na betri, nikaifunga kwenye pindo la khanga. Nilijiona jemadari.

Kabula hakugomba. Alisema tu, "Mayu, mama yangu, hawakunipigia wao. Nimewapigia mimi." Akaingia ndani.

Neno hilo lilinipita. Akili yote ilikuwa kwa mwizi. Kaulizia dawa za pamba, basi anazitaka. Nikaenda stoo nizihamishe kabla hawajaja. Ni sumu ya kupulizia wadudu shambani, na za msimu uliopita zilibaki chupa tatu, nimezipanga kwa mkono wangu.

Nikakuta mbili.

Nikapiga yowe. Jirani yangu Mama Shija akaja mbio, mwiko mkononi.

"Wamekuja tayari! Wamebeba dawa!"

Akazungusha macho stoo yote. "Wewe bibi wewe. Mwizi gani anabeba chupa moja, baiskeli anaiacha?"

Tukatazamana.

Kabula tulimkuta amekaa kitandani, begi liko miguuni. Mama Shija akalifungua. Chupa ilikuwemo, imeviringishwa kwenye shati la Masele. Haijafunguliwa.

Nikakaa sakafuni. Kabula akasema, taratibu tu, kama anayeomba apitishiwe chumvi: "Aliniuliza inakaa wapi. Nilikuwa nataka kumwambia."

Wakuu, nimezika watoto wanne mimi. Lakini maneno yale sijui niyaweke wapi.

Betri nikaifungua kwenye pindo la khanga. Mama Shija akairudisha, tukapiga ile namba. Akapokea mwanaume, Baraka. Nikashtuka, Anita mmempeleka wapi? Akasema yuko kwenye simu nyingine. Sikumwamini. Ila sikuwa na mwingine wa kumwamini.

Naye akauliza vile vile: "Mama, hapo nyumbani uko na nani?"

Safari hii nikajibu. "Niko na binti yangu Kabula. Niko na Mama Shija. Mimi ni Nyanzobe ng'wa Lugeye. Tuko wanawake watatu."

Nikamweleza habari ya chupa yote. Akasema chupa zote Mama Shija aziondoe hapo kwangu, Kabula asiachwe peke yake hata dakika, na tumpeleke hospitali leo leo. Nikamuuliza la polisi, maana huku kila mtu anajua ukijaribu kujiua ni kesi. Nilishapanga nikaseme anaumwa tumbo.

"Mama, mwambie daktari ukweli. Ukisema tumbo, watatibu tumbo."

Lori la mahindi likatubeba mpaka mjini Shinyanga. Nikasema ukweli, huku jicho langu liko mlangoni namsubiri polisi. Hakuja. Daktari akaniomba nitoke nje aongee na Kabula. Mimi niliyemzaa! Nikasimama hapo hapo mlangoni, sikio nimelitega, mpaka nesi akaniona.

"Bibi, hapo kuna baridi, benchi liko kule."

Baridi gani Shinyanga hii? Nikaenda kwenye benchi.

Walimlaza, wakampa dawa, sasa anahudhuria kliniki. Chakula anakula. Siku mbaya bado zipo, sitawadanganya.

Nilichojifunza ni hiki. Sijaacha kushuku, wezi wa simu wapo na Mzee Luhende ni shahidi. Lakini angalia kwanza nani kampigia nani. Akikupigia mtu usiyemjua na maswali yake, kata. Mtoto wako akiwa kapiga mwenyewe, nyamaza, msikilize anataka kujibu nini. Yule Anita aliuliza kama mwizi kwa sababu alikuwa anatafuta mtu wa kukaa na mwanangu, na mtu huyo alikuwa mimi, nimesimama na ndoo.

Mpaka leo Kabula anaongea nao. Anaondoka na simu yake ya kelele mpaka kwenye mihogo, mbali nisisikie. Kuna siku anacheka huko. Inaniuma, nawaza anawaambia nini ambacho mimi hawezi kuniambia. Siendi. Nikimaliza kazi nakaa pale anapoweza kuniona akigeuka.

Mliopitia haya semeni na ninyi, hasa mnijibu moja: hao watu wakishayasikia mambo yetu wanayapeleka wapi? Wanaotaka kunicheka wanicheke, nimestahili.

Ila kama humo ndani kwako yupo mtu anayekaa kitandani kama Kabula alivyokuwa anakaa, usinijibu mimi sasa hivi. Nyanyuka ukakae naye.