Mavyaa na Abiria wa Daraja la Pili

Watu hucheka nikiwasimulia jambo hili, na mie huwaacha wacheke, maana siku hizi hata mie hucheka. Siku yenyewe sikucheka. Lilitokea, nilikuwepo, nililiona kwa macho yangu haya mawili, na kiti kilichotobolewa walikishuhudia watu wengi pale stesheni ya Korogwe. Anayetaka kubisha atabisha nikimaliza. Kwa sasa nisikilize.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Nyie mliozaliwa juzi hamyajui mabehewa tuliyokuwa tukipanda Tanga kwenda bara. Tukiambiwa ni yale yale aliyoyaacha Mjerumani, na ukiyaona unaamini. Viti ni mbao tupu, zimelika katikati kwa makalio ya watu ambao wengine walikwisha kuzikwa. Kunguni humo walikuwa wakubwa, wametulia kama wenye nyumba. Usiku taa ni moja, kibatari kile, inaning'inia huko mwisho na kuwamulikia nzi. Moshi wa injini ukiingia dirishani, unashuka mwisho wa safari mweusi kuliko ulivyopanda, na mgongo huusikii tena kama ni wako.

Basi yakaja mabehewa mapya. Wallahi, mji mzima ulihamia stesheni! Watu walivaa nguo za Idi kwenda kuyaangalia tu, hawana safari wala nini. Viti vya daraja la pili vilikuwa na godoro, limevikwa ngozi ya kijani inayong'aa. Darini pangaboi la kutupepea. Taa za umeme, unabonyeza kidude ukutani na chumba kinakuwa mchana. Na choo cha maji! Usinicheke, choo hicho kilisemwa barazani wiki nzima.

Mie wakati huo nilikuwa mwali wa juzi tu, nimeolewa Ngamiani, pale pale Tanga, nikitokea kwetu Korogwe. Mume wangu, Athumani, alikuwa karani bandarini, mtu mpole, hana baya. Taabu ilikuwa mama yake, Bi. Mwanaidi. Mavyaa yule, Mungu amrehemu, hakuwahi kuonja chakula changu bila kufumba jicho moja. Wali umekuwa uji. Tui jepesi. Ufagio naushika kama mgeni. Na mie nami sikuumbwa kunyamaza. Akisema moja nasema moja, na wakati mwingine nasema moja na nusu. Mpaka siku moja akasimama uani akatangaza, majirani wote wakisikia, "Mdomo huu sikuuposa mie! Naurudisha ulikotoka."

Hakuwa akitania. Alimwambia mwanawe akate tiketi mbili za Korogwe, ili yeye mama mwenyewe anirudishe kwa wazazi wangu kwa mkono wake. Athumani alifanya nini? Aliangalia dari. Halafu akakata tiketi, na kwa kuwa alimwonea haya mama yake na mie pia, akakata za daraja la pili. Hiyo ndiyo ilikuwa talaka yangu, yenye pangaboi.

Tukaondoka alasiri. Chumbani mlikuwa na watu wanne: mie, mavyaa, mfanyabiashara mmoja wa nazi kutoka Pangani, mnene, mkarimu, na mwalimu wa shule ya misheni aliyevaa viatu vya kamba na kubeba mwavuli. Nimejikunja pembeni nalia kimya. Mavyaa yeye alikuwa na kazi nyingine, kulikosoa gari moshi. Godoro linanata mgongoni. Pangaboi litampa mafua. Alikwenda kukikagua choo, akavuta mnyororo, akarudi amekunja uso.

"Kuna tundu," akatuambia. "Unaiona reli inakimbia chini. Mtu mzima anakaaje juu ya kitu kinachokimbia?"

Mwalimu alitaka kucheka, akaogopa.

Tulipofika Muheza jua lilikuwa limekwisha kuzama na taa zimewashwa. Hapo akaingia mwanamke. Alivaa buibui jipya la hariri, linagusa sakafu, na manukato yake yaliingia kabla yake, udi na asumini, chumba kizima kikawa kama nyumba ya harusi. Mzuri, sikufichi. Umri wake ungesema ni wangu. Alisema, "Hamjambo humu," akaketi kiti kinachotukabili, upande wa dirishani, akakibonyeza kile kiti kwa kiganja mara kadhaa, taratibu, kama mtu anayenunua godoro.

"Aa," akasema. "Hatimaye wamekumbuka kuwa tuna migongo."

Mavyaa akamtazama. "Hata shikamoo hakuna?"

Yule mwanamke akatabasamu. "Nikuamkie weye, bibi? Mie nilianza kupanda gari hili weye hujavunja ungo."

Mfanyabiashara wa nazi akacheka akidhani ni mzaha. Mie sikucheka. Kuna kitu katika ile sauti, sijui nikwambieje, ilikuwa kama inatoka karibu zaidi ya pale alipokuwa ameketi.

Gari likaondoka. Yule mwanamke akaegemea, akashusha pumzi kwa raha, kisha akainua miguu yote miwili akaiweka juu ya kiti kile kipya cha ngozi. Buibui likateremka kidogo.

Unajua nilichokiona. Kila mtu wa pwani anajua. Lakini kusikia ni kitu kimoja, na kukiona chini ya taa ya umeme, hatua mbili kutoka kwenye goti lako, ni kitu kingine kabisa. Kwato. Nyeusi, safi, zimepakwa mafuta zinameremeta. Miguu ya punda, mpaka manyoya yake ya kijivu.

Mwalimu ndiye aliyetoka wa kwanza. Kiatu kimoja alikiacha, mpaka leo sijui kilivuliwaje na kamba zimefungwa. Mfanyabiashara wa nazi alikwama mlangoni kwa unene, akasukuma, akapita. Nami nikainuka nikimbie, ndugu yangu, nisikudanganye, nikainuka. Nikavutwa nikaketi tena. Pindo la kanga yangu limenaswa na kitu, na sikuwa na muda wa kuangalia ni nini. Nikaanza Ayatul Kursiyyu, nikajikuta nimeishia katika dua ya kula.

Sasa sikiliza alichosema mavyaa.

"Shusha miguu," alisema.

Yule mwanamke akamgeukia polepole. "Umeniona vizuri, bibi?"

"Nimekuona."

"Ni kwato hizi."

"Hata kama ni kwato, zishushe. Kiti kipya hiki. Umesema umenizidi umri, haya, kama u mkubwa, kaa kikubwa."

Magurudumu tu, tukutuku, tukutuku. Nilingoja tufe. Badala yake yule jini akazishusha kwato zake moja moja, ko, ko, sakafuni, kama mtoto aliyekaripiwa chuo cha Kurani.

"Unaona?" akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeonewa. "Ndiyo haya niliyoyahofia. Mabehewa ya zamani yalikuwa giza, nakaa na watu tangu Mjerumani, tunasalimiana, wananigawia mihogo, hakuna anayetazama miguu ya mtu. Lakini zile mbao! Mgongo wangu umekwisha. Nikasikia yamekuja magodoro, nikasema na mie nikapumzike. Kumbe wametuletea na taa."

"Zile mbao ziliniua na mie," mavyaa akasema. "Nyonga hii ya kushoto."

"Mie ya kulia."

Nakwambia walianza kuhesabiana maumivu! Mmoja anataja kiuno, mwingine anataja goti, mmoja anamlaani kunguni, mwingine anamlaani zaidi. Na mie niko katikati ya raha hiyo, nazibana bangili zangu zisilie.

Kisha yule jini akasema taa inamuumiza macho. Hakuinuka. Alinyoosha mkono, na mkono ukaenda. Ukapita mbele ya uso wangu, mrefu, unaendelea kuja tu kama kamba ya kisima, ukafika kwenye kidude cha ukutani kule mlangoni, ukabonyeza. Giza.

"Washa," mavyaa akasema.

"Bibi, macho..."

"Washa! Mwanangu hakulipa daraja la pili nije kukaa gizani kama niko la tatu."

Taa ikawaka.

Wakati huohuo mlango ukafunguliwa. Mkagua tiketi, kijana nadhifu, kofia imenyooka. Nadhani wale wawili walimwambia kitu huko nje, akaja kuthibitisha kuwa ni uongo. "Tiketi, tafadhali." Mavyaa akatoa zetu. Yule jini akatabasamu, akainua buibui kidogo tu, kiasi cha kiganja. Kijana akatazama chini. Akatazama juu. Akasema, "Safari njema, mama," akaufunga mlango kwa adabu kubwa, na hatukumwona tena mpaka Korogwe.

"Huna tiketi?" Mavyaa alishituka kuliko alivyoshituka kwa kwato. "Miaka yote hiyo? Sisi tunanunua, weye unapanda bure, halafu unanyoosha miguu?"

Hapo ndipo alipokosea. Au niseme, hapo ndipo alipoendelea kuwa yeye. Hakunyamaza. Alimsema yule jini tiketi, akamsema manukato yamezidi, akamsema mwanamke wa heshima hasafiri saa za magharibi peke yake, akamuuliza kwao wapi na kama wanajua yuko wapi. Niliyajua maneno yale. Ndiyo niliyokuwa nikilishwa Ngamiani asubuhi na jioni. Na nikauona uso wa yule jini ukibadilika polepole, uzuri wote ukimtoka, mashavu yakirefuka, macho yakisogea pembeni mwa kichwa kama ya mnyama. Pangaboi likasimama. Baridi ikaingia, baridi ya kisima.

Akanigeukia mie.

"Mwali," akaniita kwa upole. "Huyu ni wako?"

Nikajibu kwa shida, "Ni mama wa mume wangu."

"Anakupeleka wapi?"

"Kwetu. Ananirudisha."

"Ananirudisha," akalirudia lile neno, kama anaonja mchuzi. Akasogea mbele. "Nimchukue?"

Sasa wewe unayenisikiliza, jiweke pale. Usijifanye mwema, jiweke pale kweli. Nilimfikiria Athumani. Niliufikiria ua wetu kule Ngamiani umetulia, wali nimepika ninavyotaka, hakuna anayefumba jicho. Niliwafikiria wazazi wangu, jinsi mama atakavyolia nikishuka na sanduku langu. Neno moja tu lingetosha. Hata kichwa kingetosha, kukiinamisha kidogo.

Na hapo nikatazama chini, kwa aibu ya yale niliyokuwa nikiyawaza, nikaona ni nini kilichonasa kanga yangu. Ni mkono wa mavyaa. Chini ya buibui lake alikuwa ameishika kanga yangu tangu mwanzo, ameikunja ngumi, na ile ngumi ilikuwa inatetemeka kama ndege aliyeshikwa. Juu anakaripia, uso mkavu kama sahani. Chini ananing'ang'ania mie.

"Hapana," nikasema. "Mwache. Ana maneno mengi lakini ni wetu. Na usiniulize mara ya pili, maana kama unajua kupumzika, pumzika, na kama umekuja kutafuta watu, basi ungebaki kwenye mbao!"

Sijui lile la mwisho lilitoka wapi. Ule mdomo wangu ulijisemea wenyewe. Yule jini akanitazama, kisha akamtazama mavyaa, kisha akacheka, kicheko kirefu, na uzuri wake ukamrudia kidogo kidogo.

"Mnafaana," akasema.

Akainuka. Kulikuwa na mashamba ya mkonge tu nje, hakuna stesheni, gari linakwenda mbio. Akatoka mlangoni. Tukasikia ko, ko, ko ukumbini, halafu tukasikia magurudumu peke yake. Pangaboi likaanza kuzunguka. Pale alipokuwa ameegesha miguu, ngozi ya kijani ilikuwa na matundu mawili ya duara, yametoboka mpaka kwenye godoro.

Ngumi ilikuwa bado kwenye kanga yangu. Mavyaa alikuwa akitazama dirishani kwenye giza.

Kisha akasema, bila kunigeukia, "Umechelewa kujibu."

Nikamjibu kweli.

"Nilikuwa nafikiri, mama."

"Nimeona. Nami ningefikiri," akasema, akaiachia kanga.

Korogwe, mkuu wa stesheni alikuja na taa kuuliza nani ametoboa kiti kipya, na mavyaa alimjibu kwa ukali kiasi kwamba yule bwana aliomba radhi. Wazazi wangu walitupokea kwa hofu, wameliona sanduku. Baba akauliza kulikoni. Mie nikainamisha kichwa. Bi. Mwanaidi akavua viatu, akaketi mkekani, akasema, "Nimemleta awasalimu. Na mie nilitaka kuliona gari jipya." Akakaa kwetu wiki nzima, akaukosoa wali wa mama yangu kila siku, na kila siku akaongeza sahani.

Niliishi naye mpaka alipofariki. Usidhani tulikuja kupendana kama kwenye hadithi. Aliendelea kufumba jicho moja, nami niliendelea kusema moja na nusu. Lakini tangu safari ile hakutaja tena kunirudisha, na akisafiri hakutaka kwenda na mtu mwingine yeyote. Athumani alituuliza mara nyingi nini kilitokea njiani. Mama yake alimwambia viti ni vizuri.

Mie mwenyewe kimenibakia kitu kimoja. Sipandi gari lolote, la reli wala la barabara, kabla sijatazama miguu ya wote waliomo. Wajukuu wananicheka. Na nyie mnaopanda magari haya ya leo yenye viti laini na vioo, mnalala midomo wazi, nawaambia jambo moja. Mtu mzuri akiketi mbele yenu akauliza, kwa upole tu, kama yule aliye kando yenu ni wenu, jibuni upesi. Msianze kufikiri. Na yule aliye kando yenu anasikia.