Betri za Redio ya Baba

Zamani zetu pale Mkolani, umeme ulikuwa mchoro wa ubaoni. Mistari miwili, duara moja, tunanakili, tunafunga daftari. Shule ilikuwa na sanduku la vifaa vya sayansi, lakini lilikaa ofisini kwa mwalimu mkuu na kufuli juu yake. Lilitolewa siku wakaguzi walipokuja, likapanguswa vumbi, likaonyeshwa, likarudishwa. "Mtaviharibu," alikuwa akisema. Nisimwonee, pengine kweli tungeviharibu. Mimi nimeishia darasa la saba, sijui mengi, ila sijaelewa mpaka leo alikuwa anamtunzia nani.

Mwalimu Bwire, aliyetujia kutoka upande wa Musoma tukiwa darasa la sita, hakuliomba hilo sanduku hata siku moja. Aliingia na sumaku aliyoibandua kwenye spika mbovu ya redio, akaiburuta juu ya mchanga tuliomchotea ziwani. Sumaku ikatoka imeota ndevu nyeusi. Mchanga ule tulikuwa tumeukanyaga tangu tunajifunza kutembea, tumeusugulia masufuria, na hakuna mkubwa aliyewahi kutuambia kwamba una chuma. Walituambia tusichafue nguo, basi.

Kisha akasema Ijumaa kila kundi lije na betri mbili. Misumari angeleta yeye, na waya wa shaba alikwisha ufumua kwenye mota iliyoungua ya mashine ya kusaga. Kundi letu halikuwa na betri. Wenzangu mnakumbuka: betri ya redio ikichoka haitupwi, inaanikwa juu ya bati kama dagaa, inang'atwa kwa meno, inarudishwa kukoroma siku mbili zaidi. Za redio ya nyumbani kwetu tu ndizo zilikuwa nzima. Baba alikuwa amezinunua siku chache nyuma kwa Baba Sabina, mwenye duka jirani yetu, zile za aina mpya kutoka nje, zenye ganda la kung'aa. Alizinunua huku akizisimanga. "Madudu ya biashara huria haya. Tutaona yatafika wapi." Wazee wetu wengi walikuwa hivyo miaka ile. Vitu vya nje walivitukana, na kesho yake walikuwa wa kwanza dukani.

Ijumaa baba alipokwenda kazini nikazichomoa redioni, nikajiambia zitarudi kabla yake.

Tuliuzungushia msumari waya mpaka vidole vikauma. Mwalimu akatuonyesha kukwangua ncha zake kwa wembe. Tulipoziunga kwenye betri, msumari ukadaka pini kumi na kitu. Tulipoachia, zikaanguka zote.

"Sumaku ikishavuta, achia," alisema Mwalimu Bwire. "Ukiiacha imeungwa, inakula betri."

Aliyasema hayo, nashuhudia. Mimi sikuyasikia, au niliyasikia nikayadharau. Nimejiuliza mara nyingi, sina hakika.

Kengele ya mapumziko ilipolia, nikazifunga ncha za waya kwenye betri kwa kipande cha tyubu ya baiskeli ili mikono ibaki huru, nikauning'iniza msumari dirishani na pini zake. Wasichana wa darasa la tano wakaja kutazama. "Nyamizi, umeufanyaje?" Nikawajibu kwa kiburi kwamba wao bado wadogo, hawataelewa. Niliringa mapumziko mazima. Nilipokuja kuzigusa betri, zilikuwa za moto kama viazi vilivyotoka chunguni, na pini zilikuwa zinadondoka moja moja zenyewe.

Nyumbani nilizianika juu ya bati, nikazipangusa, nikazirudisha. Jioni baba akawasha redio. Ikatamka maneno mawili, ikanyamaza.

"Nilisema," alisema baba. "Si nilisema mimi?"

Alifurahi. Hilo ndilo linalonikera kuliko yote. Hakuuliza mtu. Alizichukua akaenda nazo dukani, nami nikamfuata. Kina mama walikuwa wamejaa pale wakinunua chumvi na mafuta ya taa.

"Baba Sabina, umeanza kutuuzia makopo."

"Makopo gani tena, Baba Nyamizi?"

"Siku nne tu, bwana. Hata ile ya kuanika inadumu."

"Mbona nimeuzia wengi, hawajalalamika."

"Wanakuonea haya."

Kina mama wakacheka. Mmoja aliyekuwa ameshika betri mkononi akazirudisha mezani taratibu, akasema atachukua sabuni tu. Baba Sabina alizigeuza zile za kwetu kiganjani, akatazama vichwa vyake vilivyokwaruzwa na waya.

"Hamkuzitia kwenye kitu kingine?"

"Kitu gani? Kwangu kuna redio moja. Muulize huyu."

Baba Sabina akaniuliza kwa macho. "Redio tu," nikasema.

Akampa baba jozi nyingine. Lakini maneno yalikwisha toka, na kina mama hawakuyaacha pale dukani. Betri zake zikakaa kwenye rafu mpaka zikavuja. Asubuhi moja nilikwenda nimedhamiria kumweleza.

"Shikamoo."

"Marahaba, mama. Baba kakutuma?"

"Kanituma kiberiti."

Nyumbani tulikuwa na viberiti vitatu. Baadaye aliacha kabisa kuuza betri, na mtu akiulizia alijibu kwamba biashara hiyo imemshinda. Baba aliisimulia habari ile miaka mingi kama ushindi wake, nami nilikuwa nikimwandalia chai huku namsikiliza.

Leo binti yangu anatazama jaribio lilelile la msumari kwenye simu, amelala chali, na kabla pini hazijaanguka amekwisha pitisha kidole kutafuta kingine. Waya wa chaja anaukunja, anaukalia, anauvuta kwa nguvu, na ukikatika anatupa. "Feki hii, mama. Wachina hawa." Namcheka moyoni. Nasema sisi tulishika umeme kwa mikono yetu, tukajua unavyofanya kazi, siyo hawa. Maneno hayo nayapenda, na ni ya kweli. Ila haki ni haki: yeye anawasingizia Wachina kwa sababu hajui kilichoiua chaja yake. Mimi nilijua.