Filimbi ya Klipu

Nyumbani kwetu kila mtu alikuwa na mzigo wake wa kukimbia vita. Haukuwa mzigo wa kufungwa kwa haraka siku yenyewe. Ulipangwa mapema, kama watu wanavyogawana kazi za shamba. Mama alikuwa na mtoto wa mwisho mgongoni na mfuko wa mbegu za maharagwe mkononi. Mdogo wangu wa kike alikuwa na sufuria na chumvi. Mimi, kabla sijaenda kusoma Goma, nilikuwa na turubai. Baba alikuwa na Koko, yaani mama yake mzazi, ambaye mguu wake mmoja ulikuwa umekufa ganzi na hakuweza kufika hata jikoni bila kushikwa. Baba alimbeba mgongoni kwa vitenge viwili vilivyofungwa fundo kifuani. Alishafanya hivyo mara tatu, na kilima kizima kilimheshimu kwa sababu hiyo.

Ishara ya kukimbia ilikuwa filimbi. Katika kila nyumba kumi, moja ilikuwa na filimbi imetundikwa kwenye msumari karibu na mlango. Ikilia mara tatu, kwa kuvuta, majirani wanajibu kwa kugonga masufuria, na hakuna anayeuliza nani kaanza. Anayeuliza hubaki nyuma.

Haya yote niliyajua tangu utoto. Ndiyo maana mpaka leo nikikumbuka nilichofanya natamani kujizaba kofi.

Nilikuwa mwaka wa pili, nasoma mawasiliano. Profesa aliagiza kila kundi litengeneze klipu ya muziki, wimbo uwe wetu wenyewe, na bila klipu hakuna kupanda darasa. Kundi letu lilikuwa la watu watatu. Mimi niliwekwa kuwa kiongozi wa upigaji kwa sababu, walivyosema, nina mdomo. Rafiki yangu mmoja, binti wa mfanyabiashara aliyetoka upande wa Butembo, alikuwa mwimbaji. Baba yake ndiye aliyetupakia kwenye lori lake la sabuni na chumvi hadi Rubaya. Wa tatu alikuwa kaka aliyezoea kupiga picha za harusi, na kamera ilikuwa ya bosi wake. Makundi mengine yalipiga klipu zao kando ya ziwa, yakiegemea magari ya watu. Niliwacheka. Wimbo wetu ulikuwa wa mavuno, nikasema tutaupigia ndani ya maharagwe ya kweli, kilimani kwetu, saa mbili kwa miguu kutoka Rubaya. Niseme ukweli: nilitaka kujionyesha. Nilitaka kijiji kimwone binti wa mkulima akiamrisha kamera.

Tulifuata utaratibu wote. Tulimwona chifu. Tuliwaona askari wa barieri ya barabarani, waliotaka kujua kama kamera itaona mahema yao, tukaapa kwamba tutawapa mgongo. Chifu alitangaza kwamba watoto wa chuo wanakuja kupiga klipu, mtu asishtuke. Usiku mzima sikulala vizuri. Niliogopa askari, niliogopa waasi, niliogopa mvua na betri. Sikujua kwamba wa kuogopwa nilikuwa mimi.

Jumamosi asubuhi tuliweka kamera kwenye mteremko unaotazamana na nyumba zetu. Chini yetu, katika shamba la maharagwe, walisimama vijana wanane wa kwaya ya parokia na majembe begani, na redio ya kuwachezea wimbo. Sauti yangu haikuwafikia. Upepo uliichukua yote. Hapo nikatoa filimbi ya refa niliyonunua sokoni Goma. Niliwaambia wachezaji: nikipiga mara moja, anzeni, mara mbili, simameni. Goma filimbi ni ya mpira na ya polisi wa barabarani. Miaka miwili tu ya mji ilitosha kunitia nta masikioni.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Kisha wachezaji wakaanza kupishana hatua, mwimbaji akasahau maneno, jua likapanda na kuharibu picha. Niliwaka hasira. Nikataka warudi mwanzo kabisa, na kwa hilo hatukuwa tumepanga ishara, nikaitunga palepale. Nilipiga mara tatu, ndefu, kwa pumzi yangu yote.

Wachezaji walielewa kabla yangu. Wa kwanza alitupa jembe na kukimbia. Halafu ng'ambo ya bonde sufuria moja ikalia, ikafuata ya pili, kisha zote.

Niliteremka nikipiga kelele, "Iko mimi! Iko klipu!" lakini nani angenisikia? Niliwaona watu wakitoka milangoni na mizigo yao na kupotelea kwenye mihogo kuelekea msituni. Kaka wa kamera naye alikimbia, akaiacha kamera pale juu ya miguu yake mitatu, bado inarekodi. Nilivuka kijito, nikapanda, nikafika kwetu kifua kikiwaka.

Koko alikuwa ameketi kwenye mkeka, ungo wa maharagwe mapajani, peke yake. Vile vitenge viwili vilikuwa vimetundikwa mahali pake.

"Koko, hakuna kitu. Ni mimi nilipiga filimbi. Papa iko wapi?"

"Papa yako alitoka."

"Alitoka bila weye?"

Aliusukuma ungo kando. Maganda yalikuwa yametapakaa kila mahali.

"Unibebe," akasema.

"Kwenda wapi? Nakuambia hakuna vita."

"Unibebe, nasema. Uniweke mu migomba, nyuma ya choo. Bantu bakirudia, bakute papa yako alinificha kule."

Nilimfunga kwa vile vitenge, nikambeba. Sikujua kwamba alikuwa mzito hivyo. Nilipomweka chini alijivutia majani makavu ya migomba mwenyewe, akajifunika hadi shingoni.

"Na weye haukunikuta mu nyumba. Umesikia?"

"Nimesikia, Koko."

Baba alirudi wa kwanza, mbele ya wote, koti lake la mvua la njano limechanika begani. Macho yake sikuwahi kuyaona vile. Aliingia ndani, akatoka, akazunguka nyumba, nami, kama Koko alivyoniagiza, nikajifanya sijui. Majirani walikuwa tayari uani Koko alipoita kutoka migombani kwa sauti ya nguvu, ili kila mmoja asikie: "Nashukuru, mutoto wangu! Ulinificha muzuri!" Wakampongeza Baba. Yeye aliwapita, akaenda kumtoa mama yake kwenye majani.

Mimi nilikaribia kupigwa. Chifu alininyang'anya filimbi, akaamuru nipite nyumba kwa nyumba kuomba msamaha. Baba alinisindikiza kwenye kila mlango. "Mumusamehe," alikuwa akisema, "iko mutoto wangu." Hakunikaripia hata neno moja. Nilifikiri ni upole.

Wiki iliyofuata, Goma, tulikaa kufanya montaji, kukata na kuunga picha, kwenye chumba cha bosi wa yule kaka. Kamera ilikuwa imeona kila kitu. Wachezaji wanatawanyika, na nyuma yao, kilima kizima kinatoka milangoni. Upande wa kushoto, mtu mwenye koti la njano anatoka nyumbani kwetu mikono mitupu. Anaruka ua. Anasimama, anageuka, anautazama mlango aliotoka. Anautazama muda wa kuhesabu mpaka nne. Kisha anakimbia.

Rafiki yangu alipiga makofi. "Hii njo picha ya kwanza! Profesa atasema tulipanga vile! Hakuna kundi itatushinda."

"Hatuiweki," nikasema.

"Juu ya nini?"

"Hatuiweki."

"Weye njo uliharibu kazi yote na filimbi yako," kaka akasema, "na sasa unataka kutupa kitu moja ya muzuri tuko nayo?"

Ilibidi niseme. "Ule muntu iko papa yangu."

Niliona hawakuelewa, kwa kuwa hawakujua habari za Koko, na sikutaka kuwaambia. Nilijua tu jinsi klipu zinavyosafiri kwetu: kadi ya simu moja inafika Rubaya na wachimbaji wa madini, kwa siku chache kilima chote kinatazama. Nilishika mashine, nikafuta ile picha mbele ya macho yao. Tundu lililobaki tulilijaza na maua ya maharagwe. Profesa alitupitisha, akasema klipu yetu haina uhai. Rafiki yangu hakunisemesha mpaka mitihani ikaisha. Sikujali. Niliamini kwamba jambo limefutika.

Likizo ya kiangazi nilikuwa nyumbani filimbi ilipolia tena, na safari hii milio ya risasi iliitangulia. Kabla ya mlio wa tatu Baba alishamfunga Koko mgongoni. Tulishika njia ya kuelekea Sake na kutembea tangu asubuhi. Wanaume wawili walijitolea kumpokea, Baba akakataa. Kwenye kijito alianguka kwa magoti, akainuka naye vilevile, suruali imeloa damu. Wanawake waliokuwa pembeni walisema, "Huyu mwanaume anapenda mama yake." Mimi nilikuwa nyuma yake na turubai kichwani, na niliona miguu yake inavyotikisika.

Koko alimgusa bega. "Unishushe, mutoto wangu. Bengine banibebe kidogo. Ile siku ya klipu, nilishakusamehe."

Baba alisimama. Aligeuka polepole na kunikuta hapo karibu. Uso wangu haukushangaa, na nadhani hilo ndilo lililomwambia kila kitu.

"Weye ulijua?"

"Nilijua, Papa."

Alikuwa akilia, na mikono yake ilikuwa imeshika miguu ya Koko, hakuweza kujifuta.

"Na weye unanisamehe?"

Watu walikuwa wakitupita kushoto na kulia. Nilikuwa nimeomba msamaha katika nyumba zote za kilima kile isipokuwa yetu. Nilitaka kumwambia hivyo, kwamba aliyepiga filimbi ni mimi, kwamba mimi ndiye niliyemtoa nje ya mlango ule. Lakini risasi zilisikika upya nyuma yetu, safari hii karibu, na watu wakaanza kukimbia. Nilisema tu, "Ndiyo, Papa, tutembee."